Bi Harusi, Usimzike Shoga Yako



Neno shoga hapa nalitumia kama bibi zetu walivyolitumia, mwanamke kwa mwanamke mwenziwe wa kuaminiana. Huko mitandaoni wameliharibu, hayo yao. Mie silitupi neno la bibi yangu kwa ajili ya wahuni.

Leo nina ugomvi na nasaha moja. Utaisikia siku ya kumfunda mwari, utaisikia kwenye kicheni pati, na utaisikia tena mlangoni bi harusi anapopelekwa kwa mumewe: ukishaolewa, shoga zako waache hapa hapa kwenu. Mume ndiye rafiki, mama mkwe ndiye mama, na wengine wote ni macho ya kuitazama nyumba yako. Ukumbi mzima unapiga vigelegele. Bi harusi kainamisha kichwa. Na wale wasichana wanne waliokaa naye tangu asubuhi, waliompaka hina mpaka saa nane za usiku, waliomwendea kwa mama zao kumuazimia dhahabu, nao wamekaa pale pale mkekani, wanasikiliza wakiitwa wezi.

Nimeisikia nasaha hii Unguja, nimeisikia Dar es Salaam, na nimeisikia Arusha chini ya mlima Meru ambako hata bahari hawaijui. Imeenea hivyo. Na kwa sababu imeenea, watu wanadhani ni dini. Si dini. Wala mila ya bibi zetu si hiyo. Na mahali unapoyaona madhara yake ni siku ya Idi, pale mwanamke mtu mzima anapokaa na sahani ya vileja na simu mkononi, akawa hana mtu wa kumwambia njoo.

Sisemi walioianzisha hawakuwa na sababu. Sote tunazijua hadithi za mitaani. Kuna shoga aliyekaribishwa chakula cha mchana akaondoka na mume. Kuna shoga aliyeambiwa siri ya chumbani, na kabla ya magharibi siri ikawa iko saluni. Siku hizi kuna jipya: unamuandikia mwenzio jambo la moyoni, analipiga picha kwenye simu, analituma kwa watu thelathini. Mama anayemwambia mwanawe ajihadhari hana kosa. Ile hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari tumefundishwa wote chuoni, kwamba mwenza mwema ni kama muuza miski na mwenza muovu ni kama mfua vyuma anayevuvia moto. Lakini hebu tuisome kama ilivyo. Mtume (S.A.W.) ametaja wawili. Angetaka tusikae na mtu angetaja mmoja tu, yule wa moto, akanyamaza. Kamtaja na wa miski ili umjue ukimuona, na ukishamjua ukae naye. Kungwi anayechukua nusu ya hadithi akawachoma wote wawili kwa moto mmoja anamnyima mwari harufu nzuri aliyoruhusiwa.

Na tena niulize. Kuna mtu kamwambia bwana harusi awaache rafiki zake? Nimehudhuria harusi nyingi na sijamsikia sheikh wala mjomba akimwambia kijana hivyo. Siku ya saba baada ya harusi bwana yuko barazani anakunywa kahawa na wale wale aliosoma nao madrasa, na watu wanasema mashallah, kijana hakubadilika. Mkewe akitaka kwenda kumuona shoga aliyesoma naye madrasa hiyo hiyo, wanasema huyu bado hajatulia. Kama marafiki ni hatari kwa ndoa, basi ni hatari kwa wote wawili. Ndoa ni moja.

Sasa tuje kwenye dini, kwa sababu ndiko wanakokimbilia.

Ummu Atiyya (R.A.) amepokea, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba wanawake waliamrishwa watolewe siku ya Idi: wasichana, waliokaa ndani, hata wenye hedhi, hao wakae kando na mahali pa kuswalia lakini wahudhurie kheri na dua za Waislamu. Mwanamke mmoja akauliza, na asiyekuwa na jilbabu je? Jibu lilikuwa kwamba mwenziwe amvishe katika jilbabu lake. Simameni hapo kidogo, shoga zangu. Mtume (S.A.W.) hakusema basi huyo asamehewe abaki nyumbani. Wala hakusema amngojee mumewe amnunulie. Kampeleka kwa mwenziwe. Idi ya mwanamke yule imesimama juu ya kuwa na shoga wa kumwazima vazi. Sasa mwambieni huyu mwari tunayemfunda leo, aliyeamrishwa awaache wote, jilbabu atalipata kwa nani?

La pili ni la Bibi Aisha (R.A.) mwenyewe, naye ni mke wa Mtume. Alikuwa na wenzake wa kike waliokuwa wakija kucheza naye nyumbani. Mtume akiingia, wao kwa haya walikuwa wakijificha, na yeye ndiye aliyekuwa akiwarudisha kwa mkewe waendelee. Mume bora kuliko wote aliona shoga za mkewe wanakimbia, akawaita warudi.

La tatu ndilo linalonitoa machozi kila Idi kubwa. Bibi Aisha anasimulia kwamba hakumuonea wivu mke yeyote kama Bibi Khadija (R.A.), naye Khadija alikuwa keshafariki zamani. Kisa chake ni kwamba Mtume alikuwa akimtaja mno, na pengine alikuwa akichinja kondoo, akamkata vipande vipande, kisha akavipeleka kwa marafiki wa Khadija. Khadija hayupo. Hawezi kuomba, hawezi kununa, hawezi kushukuru. Lakini shoga zake wanajulikana kwa majina na nyumba zao zinajulikana, na mume ndiye anayewapelekea nyama. Kama shoga wa mke ni fitina, basi nyama ile ilikuwa inapelekwa wapi?

Najua mtaniletea haki ya mume, kwamba mke asimuingize nyumbani mtu ambaye mume hamtaki. Haki hiyo ipo, imetajwa katika hotuba ya kuaga, na mie siipingi. Lakini mume kusema fulani namjua tabia yake, simtaki kwangu, ni jambo moja. Kungwi kumwambia mwari asiwe na mtu kabisa, kabla mume hajafungua hata mdomo, ni jambo jingine. Wanaume wengi wala hawajaomba. Sisi wanawake ndio tunaowatolea sadaka ambayo hawakuiulizia.

Nitoe mfano ninaoujua, na mfano wenyewe uko mbali na pwani.

Mie nimezaliwa Unguja, lakini utoto wangu umepita Arusha, Kaloleni, ambako baba alikuwa akifanya biashara. Watu wa pwani walishafika huko zamani, tangu siku za boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, na mji ule una Waislamu wa kila aina: Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wasomali, na Warangi waliotoka Kondoa. Shoga yangu alikuwa mtoto wa Kirangi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Umri mmoja, darasa moja, madrasa moja, na viatu tulikuwa tukibadilishana.

Wenzangu wa visiwani hamjui Idi ya baridi ni kitu gani. Arusha mwezi wa Juni mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, unajifunika wingu wiki nzima, na asubuhi ukisema unatoa moshi mdomoni. Idi kubwa ya mwaka 1991 iliangukia Juni. Mama kanishonea gauni la Idi, la waridi, lina mikono ya puto na fundo kubwa nyuma, kisha asubuhi ananivisha sweta la skuli juu yake! Nililia. Nikatoka nje kwa hasira nikamkuta mwenzangu naye analia, gauni lake la kijani liko chini ya koti la kaka yake. Tukatazamana. Tulipovuka tu kona ya msikiti sweta na koti vikavuliwa, vikafichwa kwenye kikapu cha mama muuza vitumbua, na tukatembea mji mzima tunatetemeka kama vifaranga, lakini magauni yanaonekana.

Tulizunguka Kaloleni, Levolosi, Makao Mapya, mpaka Ngarenaro, nyumba kwa nyumba, kukusanya mkono wa Idi. Shilingi tano hapa, tano pale, kumi ukimpata mjomba mwenye moyo. Kwetu kulikuwa na tambi za sukari, vileja na visheti alivyopika mama kwa namna ya Unguja, kwao kulikuwa na pilau la mama yake ambalo mpaka leo sijalionja mfano wake, viazi vimekuwa vya kahawia na nyama inaachana na mfupa yenyewe. Sahani ilikuwa ikitoka kwetu na kwao kwenda kwa majirani wa Kimeru na Wachaga, Wakristo, na haikuwa ikirudi tupu. Krismasi sahani ile ile ilikuja upande wetu. Jioni tukaenda mpaka karibu na Mnara wa Saa tukapiga picha studio, mimi na yeye, tumeshikana mikono mbele ya pazia lililochorwa mnazi. Mnazi, Arusha! Nakala moja nilichukua mie, moja yeye.

Tulipomaliza skuli mie nilirudi Unguja. Yeye aliolewa huko huko, na mimi nilikwenda harusini. Nilikuwapo mkekani. Niliisikia nasaha ile ikisomwa juu ya kichwa chake, na nilikuwa mmoja wa wanne. Baada ya hapo simu zilipungua, kisha namba ikawa haipatikani, kisha miaka ikaenda. Hatukugombana. Hapakuwa na neno hata moja baya kati yetu. Yeye alikuwa mtoto mtiifu na alifanya alivyoambiwa.

Mwezi wetu wa Kiislamu unarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo kila baada ya miaka 33 hivi Idi inazunguka majira yote na kurudi pale pale. Idi kubwa ya 2024, mwaka 1445 Hijria, Tanzania ilikuwa Jumatatu ya tarehe 17 Juni. Nilipoiona kwenye kalenda nikajua ni ile ile, Idi ya sweta, imerudi. Nikavuka na boti, nikalala Dar es Salaam, nikapanda basi la alfajiri. Siku ya Idi baada ya swala nilikwenda Kaloleni kuuliza. Mama muuza vitumbua alikuwa keshafariki, Allah amrehemu, lakini bintiye kakaa kiti kile kile. Akanitazama akasema, huyo mwenzio yuko Engutoto, mumewe kafa mwaka juzi.

Sitawaeleza tulivyoonana, mengine ni yetu. Nitawaeleza alichoniambia, kwa ruhusa yake, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Mumewe alikuwa mtu mwema, na hilo alilirudia mara nyingi. Hakumpiga, hakumnyima, na wala hakuwahi kumkataza mtu. Siku alipofariki nyumba ilijaa ndugu wa mume. Baada ya siku tatu wakaanza kuondoka. Yeye akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kama Qur'ani ilivyoamrisha. Mama yake mzazi keshatangulia, dada yake yuko Dodoma. Anasema usiku wa kwanza wa upweke alichukua simu ili ampigie mtu, mtu yeyote aliyemjua kabla hajawa mke wa fulani na mama fulani, apate kulia tu. Akashuka na majina yote mpaka chini. Shemeji. Wifi. Mama mkwe. Fundi bomba. Mwalimu wa mtoto. Muuza gesi. Hapakuwa na jina hata moja lililokuwa lake.

Miezi minne na siku kumi hivyo, shoga zangu. Mwanamke wa eda hatoki kwenda kutafuta watu, watu ndio wanaomjia. Na watu hawaji kama ulishawaambia, au umefundwa uwaambie kwa kimya chako, kwamba huna haja nao. Wale waliompigia vigelegele mkekani hawakuwapo. Mama aliyeshika kipaza sauti akatoa nasaha ile na watu wakamtunza noti hakuja hata siku moja. Alikuwa na harusi nyingine.

Na huyu aliolewa na mtu mwema. Hebu mfikirieni yule aliyeolewa na asiye mwema. Mwanaume mwenye mkono mwepesi jambo la kwanza analolitaka ni mke asiye na mtu. Kabla ya kofi la kwanza kunakuwa na maneno: yule shoga yako simpendi, wale wenzako wahuni, simu hiyo unaongea na nani. Anajua kwamba shoga akija atauona mkono umevimba. Shoga ndiye anayejua ulivyokuwa ukicheka, kwa hivyo ndiye wa kwanza kuona kwamba siku hizi huchekí. Ndugu wa mume hawakujui kicheko chako cha zamani. Kungwi anayemwambia mwari awaache shoga zake anamfanyia kazi mwanaume wa namna hiyo bila malipo, tena kabla hajamjua ni nani.

Wengine watasema hiyo ndiyo mila yetu ya pwani. Wallahi si kweli. Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama, Unguja na Mombasa, wanawake watu wazima, wake za watu, wanashona sare moja, wanashindana kwa nguo na nyimbo siku za harusi na sikukuu. Walikuwa na mchezo wa fedha, na mpaka leo tunao. Na ukitaka kujua shoga wanaweza kufanya nini, mtazame Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu wa Dar es Salaam, muimbaji katika kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na wenzake. Watu waliokwishashona kanga za sare pamoja na kulishana kwenye misiba hawakuhitaji kuanza kufahamiana siku ya mkutano. Angekuwa amefundwa na makungwi wetu wa leo, Bibi Titi angefika kwenye ule uhuru peke yake.

Sasa nije kwa sisi wenyewe, maana makungwi si peke yao. Tumepata njia ya kuzika shoga bila hata jeneza. Usiku wa mwezi kuandama, simu inaanza kulia. Picha ya msikiti na waridi, maandishi ya dhahabu, Idi Mubarak wewe na familia yako. Unaipokea kutoka kwa watu arubaini na unaituma kwa watu arubaini, na yule uliyelala naye kitanda kimoja siku mtihani wa darasa la saba ulipotoka naye yumo kati ya hao arubaini, kati ya mtu wa bima na dalali wa viwanja. Kisha unajiambia umewasiliana. Mtu akikutumia waridi la WhatsApp mrudishie sauti. Mpigie. Ukiwa na haya kwa sababu miaka imepita, kumbuka tulivyokatazwa kuhamana zaidi ya siku tatu, wawili wanakutana na kila mmoja anageuza uso, na mbora wao ni yule anayeanza salamu. Sijaona palipoandikwa kwamba salamu ikikaa miaka ishirini inaharibika.

Kisingizio cha muda nacho sikikubali. Serikali ya Tanzania imetupa siku mbili za mapumziko kwa Idi ndogo, na sisi wa visiwani sikukuu tunaila siku nne. Watoto wanapelekwa Mnazi Mmoja na Kariakoo kupanda mabembea, wanaume wanakwenda kutembeleana, na wewe siku zote nne uko jikoni unaosha sahani za wageni wa mtu mwingine. Idi mosi ni ya wazee na wakwe, sawa, haki yao. Idi pili iwe yako. Toka na buibui lako na sahani yako ya vileja, ukabishe hodi kwa mtu anayekuita kwa jina lako la utotoni. Na kama mume ana wasiwasi naye, mchukue mwende wote, aone mwenyewe kwamba mnachozungumza ni magauni ya mwaka 1991 na mwalimu wa madrasa aliyekuwa akisinzia.

Kwa walioolewa karibuni, na najua ni wengi mnaosoma hapa na hina haijafifia, nasema hivi. Siri ya chumbani ni amana, usimpe mtu, hata huyo shoga, hata mama. Ugomvi mdogo wa nyumbani nao uache ndani. Hilo ni adabu na ni dini, na shoga wa kweli hatakuuliza. Lakini namba yake usiifute. Akijifungua nenda ukamuone kabla ya arubaini. Akifiwa fika siku ya kwanza, kisha ufike na siku ya ishirini, wakati wengine wote wameshaondoka. Na akikuona umenyamaza sana akakuuliza una nini, usimjibu sina kitu kwa sababu tu mtu mwenye kipaza sauti alikuambia ujibu hivyo.

Kwa mama zangu makungwi, heshima yenu iko kichwani. Lakini harusi ya wiki ijayo, mkishafika kwenye habari ya shoga, naomba mnitajie aya au hadithi inayomwambia mke akate marafiki zake wema. Nitakuwa nimekaa pale mkekani, na nitanyoosha mkono. Mkiikosa, basi msimulieni mwari habari ya kondoo na marafiki wa Khadija. Haichukui hata dakika mbili, na vigelegele vitapigwa vile vile.

Na Idi kubwa ijayo, wenye kuchinja, nyama mnajua mnavyoigawa. Wanazuoni wengi wamependekeza sehemu ya nyumba, sehemu ya masikini, na sehemu ya zawadi kwa jamaa na marafiki. Hiyo ya tatu kwetu imekuwa yote ya wakwe. Kabla hamjafunga mifuko, andikeni majina, na wake nao wataje ya kwao, mume aulize. Shoga wa mkeo wanakaa wapi? Kama mke mwenyewe keshasahau anakokaa mwenziwe, aanzie kwa muuza vitumbua wa mtaa waliokulia.